Moja Tu

Jioni ya leo sitamsema jirani, nitajisema mwenyewe. Leo natimiza siku ya 11 bila kuvuta sigara.

Wanaonifahamu watacheka, kwani nimekwisha kuacha mara nne kabla ya hii. Mara zote nne sikurudi kwa kununua pakiti. Nilirudi kwa ile sigara moja inayouzwa rejareja kibandani, kiberiti kikiwa pembeni. Nilijiambia, "Moja tu." Wiki haikwisha kabla sijarudia pakiti nzima kwa siku.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa mimi ni mtu dhaifu. Sasa namfahamu adui yangu. Nikotini iliyomo katika tumbaku hufika ubongoni sekunde chache tu baada ya kuvuta moshi, na ubongo ukishaizoea huidai. Baada ya saa mbili hivi, nusu yake imekwisha kutoka katika damu. Ndiyo maana mvutaji huamka akitafuta sigara kabla hajanawa uso. Akiikosa, hasira huwa karibu, usingizi huruka na mawazo hayatulii. Vijana wa mitaani huiita arosto. Siku ya pili nilimgombeza mke wangu kwa sababu ya chumvi. Nimekwisha kumwomba radhi.

Kwa kawaida siku 3 za mwanzo ndizo ngumu, kisha makali hupungua kwa wiki chache. Na hamu yenyewe ikipanda, aghalabu hushuka baada ya dakika chache, uvute usivute. Basi ikinijia nakunywa maji, natembea hadi kona ya mtaa na kurudi. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya maradhi ya moyo iletwayo na sigara hupungua kwa karibu nusu. Huo ndio mwaka ninaoutafuta.

Nina ombi moja. Sisi ni watu wa kukaribishana, hata sigara. Lakini ukimwona mwenzako anahangaika kuacha, usimpe hiyo moja kwa utani. Hiyo moja ndiyo pakiti. Nawe uliyerudia jana, usijione umekwisha. Anza kuhesabu upya leo.

Mimi nikianguka, nitakuja hapa hapa kuwaambia. Nikisimama, wiki ijayo itakuwa siku ya 18.

Usiku mwema.