Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Kufunga Mafunzo ya Ulinzi Shirikishi, Kata ya Mwakitolyo

Mheshimiwa Diwani; Ndugu Mtendaji wa Kata; Afande Mkaguzi Kata; watemi na makamanda wa sungusungu; viongozi wa dini; wenye leseni na wenye maduara; mama lishe na vijana wa bodaboda; ndugu wahitimu; mabibi na mabwana.



Waandaaji wameniomba, kwa kuwa mimi ni askari mstaafu, niwaeleze wahitimu hawa namna makamanda wa polisi wanavyopunguza uhalifu katika jiji kubwa. Nimekubali kwa moyo mmoja. Nitamzungumzia Inspekta Jenerali mstaafu Said Mwema, aliyeliongoza Jeshi la Polisi kuanzia Machi 2006 hadi mwishoni mwa 2013. Nimemchagua kwa sababu aliingia kazini wakati nchi nzima inazungumzia vifo vya watu wa madini, watu kama ninyi.

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, wilayani Ulanga, walikuwa Dar es Salaam kwa shughuli zao. Polisi waliwakamata pamoja na dereva teksi aliyekuwa nao, wakawapeleka msitu wa Pande, wakawaua kwa risasi. Taarifa iliyotolewa kwa umma ikasema ni majambazi waliokufa wakirushiana risasi na askari. Hawakuwa majambazi. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja wa polisi na kumhukumu kunyongwa. Miaka kumi familia zile zilisubiri kuona mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya ndugu zao.

Nawaomba mlitafakari hilo hapa Mwakitolyo. Kijana ameshinda shimoni miezi, siku moja mawe yamekubali, ameuza, ana milioni kadhaa mfukoni na viatu vina tope. Akiingia mjini usiku, nani atamwamini? Kwa mtu asiyejua maisha ya machimbo, fedha nyingi mkononi mwa mtu mchafu ni ushahidi tosha wa ujambazi. Kwa kosa la namna hiyo watu hufa.

Mwema alitoka Nairobi, alikokuwa akiongoza ofisi ya kanda ya Interpol, akakuta Dar es Salaam imejaa hofu. Majambazi walikuwa wakiteka magari ya fedha mchana kweupe. Wananchi walitaka kuona damu ya majambazi, na kamanda mwenye kutafuta sifa angewapa. Yeye akatangaza hadharani namba za simu za makamanda wa polisi, ili mwananchi yeyote apige.

Vijana wa leo mnaweza msione ukubwa wa jambo hilo. Ikumbukeni kaunta ya kituo cha polisi. Meza ndefu, daftari kubwa la matukio, askari wa zamu anauliza kwa sauti, na nyuma yako wamepanga foleni watu watano wanaokusikiliza: mmoja ni jirani yako, mwingine pengine ni shemeji wa huyo unayetaka kumtaja. Mama anayejua nyumba inakofichwa bunduki hawezi kusema hapo. Ataomba RB ya kitambulisho kilichopotea, atarudi kwake na siri yake. Namba ya simu ilimpa mahali pa kusemea. Nimeishi ndani ya kazi hii, na ninaamini bunduki nyingi zaidi nchini zimepatikana kwa minong'ono ya akina mama wa namna hiyo kuliko kwa msako wowote wa magari na virungu.

Ndipo ikaja programu ya maboresho ya Jeshi la Polisi, yenye nguzo za usasa, weledi na polisi jamii, pamoja na ile kaulimbiu ya utii wa sheria bila shuruti. Dar es Salaam, yenye mikoa mitatu ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke, ikawa chini ya Kamanda Suleiman Kova kwa miaka mingi. Kova aliwaita waandishi mara kwa mara na kueleza nani amekamatwa na kwa kosa gani. Wapo waliosema anapenda kamera. Mimi nasema kamanda anayejieleza kila mara anaacha maneno ambayo wananchi wanaweza kumbana nayo, na hiyo ni faida.

Sitawapamba makamanda kupita kiasi. Tarehe 2 Septemba 2012, Mwema akiwa bado madarakani, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa mikononi mwa polisi kijijini Nyololo, mkoani Iringa. Haikupita miezi miwili, usiku wa kuamkia tarehe 13 Oktoba, hapa jirani zetu Mwanza, Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Liberatus Barlow, akapigwa risasi na kufa eneo la Kitangiri. Jeshi lililomuua mwandishi lilimzika kamanda wake mwaka huohuo. Misiba yote miwili inaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, sisi wa Shinyanga tulijifunza mapema kuliko Dar es Salaam kwamba wanaolinda wanaweza pia kuua. Mwaka 1976 Serikali iliendesha msako dhidi ya mauaji yaliyokuwa yamekithiri Shinyanga na Mwanza. Nia ilikuwa njema, kwa maana wazee wetu walikuwa wakichinjwa kwa tuhuma za uchawi. Lakini watuhumiwa waliteswa, wengine wakafia mahabusu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakuagiza mateso yale, wala hakuwapo. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwa sababu walioua walikuwa chini yake.

Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazee wa Kahama walichoka kuibiwa ng'ombe na kuvamiwa, wakaanzisha sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, kila mwanamume anatoka. Wizi ulipungua, Mwalimu Nyerere akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili kuwatambua. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba polisi jamii ni kitu cha wazungu, mwambieni aje Kahama aulize. Ila wapo pia waliopigwa viboko mpaka wakafa, na wapo vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa uvumi tu. Wazee mlioko hapa mnajua ninachosema.

Sasa niseme na ninyi wahitimu. Kesho usiku mtamkamata kijana na kiroba cha mawe karibu na karasha ya kusagia mawe, na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, atapiga kelele kwamba ameibiwa. Mawe hayana jina. Andikeni: nani, saa ngapi, wapi, alikuwa na nini, nani ameshuhudia. Kisha mpelekeni kwa Mkaguzi Kata bila kuchelewa. Raia anayekamata mtu anatakiwa na sheria kumkabidhi polisi. Kumfunga kamba na kumpiga mpaka aseme ni kosa la jinai, na atasema chochote ili mumwache. Huenda kiroba kile ni mgawo wake halali wa wiki.

Kwenu wenye leseni: tangu Soko la Dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, na masoko mengine kufuata, hakuna sababu ya kuuzia dhahabu gizani. Anayeuza sokoni anarudi na stakabadhi, na stakabadhi inamlinda mbele ya askari yeyote. Wapeni vijana wenu karatasi za mgawo, hata ziwe za kuandika kwa mkono.

Afande Mkaguzi Kata, namba yako ya simu iandikwe kwa rangi kwenye kila mwalo wa kuoshea dhahabu, kila karasha na ukuta wa zahanati. Mimi nachangia rangi hiyo, pamoja na madaftari na tochi kwa kila kikundi, na nitavikabidhi kwa Mtendaji kabla sijaondoka.

Kwa maneno hayo, natamka kwamba mafunzo ya ulinzi shirikishi ya Kata ya Mwakitolyo yamefungwa rasmi.