Wakili Anayewashitaki Majaji Hadharani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo la wakubwa wa sheria, nami naona latuhusu sisi makarani pia, kama mtakavyosikia.

Tarehe 18 Januari, 2024, Mahakama ya Juu ya Kenya ilimpelekea barua Bwana Ahmednasir Abdullahi, Wakili Mwandamizi, aliyepata kuwa Mwenyekiti wa Chama cha Mawakili cha nchi hiyo. Kwa muda mrefu alikuwa akisema hadharani na kuandika katika mitandao kwamba mahakama hiyo imeingiwa na rushwa. Barua ikamwarifu kwamba hatasikilizwa tena mbele yake: si yeye mwenyewe, wala mtumishi wa ofisi yake, wala mtu yeyote atakayesimama kwa niaba yake au kwa maagizo yake.

Waungwana, yatupasa kuwa waadilifu kwa pande zote mbili. Jaji hana desturi ya kujibizana barazani. Akishutumiwa hunyamaza, na heshima yake ndiyo nguvu ya hukumu yake, maana mahakama haina jeshi. Tena neno la wakili mwandamizi si sawa na neno la mpita njia. Watu huliamini kwa ajili ya cheo chake. Kwa hiyo asemaye kwamba jaji amekula rushwa yampasa kuleta ushahidi. Na mahali pa kuupeleka papo: kifungu cha 168 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi la maandishi mbele ya Tume ya Utumishi wa Mahakama, akieleza mambo anayodai. Asemaye bila ushahidi huwachafua majaji wema pamoja na wabaya.

Lakini barua ile nayo ilikuwa na kasoro tatu. Kwanza, waliotoa adhabu ndio wale wale walioshutumiwa. Nao wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Pili, adhabu ilitangulia kabla mshitakiwa hajajibu. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, imeweka Baraza la Nidhamu ambalo humsikiliza wakili kwanza, kisha laweza kumwonya, kumtoza faini, kumsimamisha hata miaka 5, au kumfuta katika orodha ya mawakili. Tatu, adhabu iliwapata wasiosema neno: mawakili wadogo wa ofisi ile, na wateja ambao kesi zao zilikuwa zikingoja.

Tazameni India. Mwaka 2020 wakili Prashant Bhushan aliwashutumu Majaji Wakuu katika mtandao. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimwita, ikapokea utetezi wake, na tarehe 14 Agosti ikamwona ana hatia ya kuidharau mahakama. Tarehe 31 Agosti ikamtoza faini ya rupia 1. Asipolipa, kifungo cha miezi 3 na kuzuiwa kusimama mbele yake kwa miaka 3. Akalipa. Huko pia mahakama iliamua shauri linaloihusu yenyewe, na wengi walilalamika. Lakini mshitakiwa alisikilizwa, na adhabu ilimkalia yeye peke yake.

Ndugu zangu, karani akishitakiwa na mkubwa wake, hudai apewe barua yenye kutaja kosa lake na siku za kujibu. Haki tunayojitakia sisi tusimnyime wakili, hata akiwa mwenye ulimi mkali. Na uthibitisho tunaoutaka kwa mkubwa anayetushitaki, tuutake pia kwa wakili anayemshitaki jaji. Mwenye shutuma na apeleke maandishi panapostahili. Naye mwenye cheo asitie sahihi adhabu ya mtu aliyemshutumu. Hapo ndipo heshima ya mahakama itakapodumu.