Asiyekuwapo na Lake Halipo
Hotuba kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama



Tumeona vyema kusema nanyi juu ya mabadiliko ya utawala katika nchi ya Meru na Embu, kwa kuwa shida nyingi ziletwazo mbele ya chama, za maji, matibabu na barabara, hutegemea ni nani aliye na mamlaka ya kuzitatua.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1925 serikali ya kikoloni iliunda Mabaraza ya Wenyeji wilayani, lakini mwenye kiti alikuwa Bwana DC. Mwaka 1963 katiba ya majimbo ilituweka katika Jimbo la Mashariki, lenye baraza lake la kuchaguliwa. Halikudumu: marekebisho ya mwaka 1964 na 1965 yaliyanyang'anya majimbo uwezo wake. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikawaondolea madiwani wa mashambani shule za msingi, afya na barabara, mambo hayo yakaamuliwa Nairobi. Mkoa wa Mashariki ulienea toka Machakos hata Moyale, na mkuu wake aliyekaa Embu aliteuliwa, hakuchaguliwa.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza mambo. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, serikali za kaunti 47 zilianza kazi, zikiwamo Meru yenye wadi 45, Embu wadi 20, na jirani yetu Tharaka-Nithi wadi 15. Hospitali kuu za Meru na Embu zikawa mikononi mwa kaunti, pamoja na barabara za mashambani na shule za chekechea. Shule za msingi hazikurudi. Zi chini ya Serikali ya Taifa.

Je, serikali ikisogea karibu, ndiyo kusema wananchi wamekwisha kutawala? La. Mwaka 2014 Seneti ilipiga kura kumwondoa gavana wa Embu, mahakama ikamrudisha. Mwaka 2024 ikapiga kura kumwondoa gavana wa Meru. Hatusemi nani alikuwa na haki. Twasema kwamba wakubwa wakivutana, mwananchi hugeuka mtazamaji, ilhali kisima na zahanati ni vyake.

Kifungu cha 196 cha katiba chaagiza Bunge la Kaunti lifanye kazi hadharani na kuwashirikisha wananchi. Makadirio ya fedha hupelekwa bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Neno la mwananchi lina nguvu kabla ya siku hiyo; baada yake hubaki malalamiko.

Kwa hiyo twawasihi: kila tawi lichague watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wahudhurie mikutano ya bajeti katika wadi yao. Waandike yaliyoahidiwa, nayo yasomwe mbele yetu mwaka ujao. Wazee wa Njuri Ncheke hawakati shauri bila kukaa na kusikilizana. Bajeti nayo ni shauri la kukaliwa.

Mwaka 1969 mamlaka yalikwenda mbali kwa nguvu ya sheria. Leo yaweza kwenda mbali bila sheria yoyote, kwa viti vitupu tu. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.