Mtoto wa kilo mbili: kabla ya kumlaumu mama, uliza vumbi

Ndugu zangu vijana, na wewe msomaji uliyelinunua gazeti hili au unayelichungulia pale mezani kwa muuzaji bila kulipa, leo siongelei viti vya ubunge. Naongelea mizani. Ile mizani ya wodi ya wazazi, ambayo mtoto hulazwa juu yake akiwa hajapewa hata jina. Ikisoma kilo mbili na nusu kwenda juu, mkunga anapumua. Ikisoma chini ya gramu 2,500 mtoto huandikwa kuwa amezaliwa na uzito pungufu. Hicho ndicho kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na hakibagui Mmarekani wala Mmatengo wa Mbinga.

Utasema, mimi kijana wa Manzese, au wa Mwanjelwa, mizani ya watoto inanihusu nini? Subiri. Saruji inayoinua maghorofa yenu huko mjini hupikwa kwa moto mkali, na sehemu ya moto huo ni makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma, ambako uchimbaji ulianza mwaka 2011. Kisha ikaja vita ya Ukraine mwaka 2022, bei ikapaa, na wazungu waliokuwa wakituhubiria kuhusu hewa safi wakayataka makaa yetu. Malori yakaanza kuyasomba zaidi ya kilomita 600 hadi bandari ya Mtwara. Kijana aliyekosa kazi mjini akasikia kuna ajira, ya udereva, ya utingo, ya upakiaji. Akaenda, akapanga chumba, akaoa. Baada ya miezi mtoto akazaliwa, na mizani ikasema kilo mbili na robo.

Hapo ndipo maneno huanza. Mama hakula vizuri. Mama alichelewa kliniki. Na kama mtoto ni njiti, yaani kazaliwa kabla ya wiki 37, kuna wanaume wataanza kuhesabu miezi kwa vidole huku wamekunja uso. Hakuna anayeuliza kuhusu vumbi.

Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne. Lakini kusoma najua, na habari hii wapo waliokwisha kuichunguza. Twende Marekani, kwenye milima ya Appalachia, jimbo la West Virginia. Huko makaa yamechimbwa kwa zaidi ya karne moja, na siku hizi mahali pengine hawachimbi handaki, wanapasua kilele chote cha mlima kwa baruti na kifusi kinamwagwa bondeni, kwenye vijito. Watu wa huko ni weupe, lakini wengi wao ni makabwela kama sisi, na wanaume wa mjini huwacheka.

Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa vizazi 42,770 vya jimbo hilo, vya mwaka 2005 hadi 2007, mapacha wakiwa wamewekwa kando. Watafiti walikuta mambo ambayo hata bibi yako angewaambia: mama anayevuta sigara, asiyehudhuria kliniki, mwenye maradhi, mwenye elimu ndogo na kipato duni, yuko kwenye hatari zaidi ya kuzaa mtoto mdogo. Na sigara huko si mchezo. Mwaka 2016, kati ya wanawake wanne waliojifungua West Virginia, mmoja alikuwa amevuta akiwa mjamzito. Hakuna jimbo lililowazidi.

Kwa hiyo wenye migodi wangeweza kusema, mnaona? Ni sigara zao wenyewe! Lakini watafiti hawakuishia hapo. Walipiga hesabu ya kuondoa uzito wa sigara, wa pombe, wa elimu, wa kliniki, wakawalinganisha akina mama wanaofanana katika hayo yote. Tofauti haikuisha. Kwenye kaunti zenye uchimbaji mkubwa, uwezekano wa kuzaa mtoto wa uzito pungufu ulikuwa juu kwa asilimia 16 kuliko kaunti zisizo na mgodi. Kwenye uchimbaji mdogo, asilimia 14.

Nisikudanganye kama wanavyodanganya wengine. Asilimia 16 si janga la kila nyumba. Wengi wa watoto wa huko huzaliwa na uzito mzuri tu. Tena watafiti wale hawakupima hewa aliyovuta kila mama, walitazama kaunti anayoishi na tani zinazochimbwa humo. Mwaka 2021 wenzao wa Virginia Tech walisogea karibu zaidi, wakatumia picha za setilaiti kuona mama aliishi umbali gani na mgodi wa wazi. Walikuta watoto wa karibu na mgodi wamepungua uzito kwa wastani wa gramu chache mno, na kuzaliwa njiti kumeongezeka kidogo. Na Australia, mgodi wa Hazelwood ulipowaka moto siku 45 mwaka 2014 na moshi ukafunika mji jirani, waliochunguza hawakuona kwamba watoto wa eneo hilo kwa ujumla wamepungua uzito. Basi anayekuambia makaa yanaua kila mimba ni mwongo. Na anayekuambia hayana neno, naye muulize amepima lini.

Vumbi linamfikiaje mtoto aliye tumboni? Chembe kubwa zinazokufanya uteme mate meusi si za kuogopa sana. Za hatari ni zile usizoziona, ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi, zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikapenya hadi kwenye damu. Mwaka 2019 wanasayansi wa Ubelgiji walitangaza kwamba wamezikuta chembe za masizi kwenye kondo la nyuma, upande ule unaomgusa mtoto. Hizo zilikuwa za hewa ya kawaida ya mjini tu. Kondo ndilo jiko la mtoto, chakula na hewa hupitia hapo. Likivimba au mishipa yake ikibana, mtoto anapata nusu sahani kwa miezi tisa. Ongeza risasi, zebaki na aseniki, ambazo makaa ya mawe huwa nazo kidogo kidogo na zinaweza kuingia kwenye maji. Ongeza moshi wa malori yanayopita mlangoni usiku na mchana.

Sasa rudi Ruvuma, maana huko mzigo si vumbi peke yake. Mama wa Marekani hapambani na malaria. Wa kwetu anapambana nayo, na vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo hilohilo na kumnyima mtoto chakula. Ana upungufu wa damu. Anapikia kuni ndani ya kibanda, na moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Analima na kuchota maji hadi mwezi wa tisa. Mwili unaobeba yote haya ndio tunaouongezea vumbi la mgodi, halafu tunashangaa mizani.

Na wanaume je? Hapa mtanuna, lakini nitasema. Penye mgodi pana mshahara, na penye mshahara pana baa. Kaswende anayoletewa mama kutoka huko humdumaza mtoto tumboni au kumuua kabisa, wakati kipimo chake ni tone la damu na tiba yake ni penisilini. Ndiyo maana kliniki wanawaita mwende wawili, wewe unajificha. Sigara unayovuta kitandani mwenzio anaivuta pia. Ovaroli iliyojaa vumbi unamtupia aikung'ute na kuifua kwa mikono, tumbo liko mbele. Hilo la ovaroli mwajiri angeweza kulimaliza kwa bafu na mahali pa kufulia pale mgodini. Umewahi kumdai?

Nilisema wa Marekani wamechunguza. Sikilizeni na hili. Mwaka 2016 serikali yao ilitoa dola milioni moja ili Akademia za Taifa za Sayansi zichunguze afya za watu wanaoishi karibu na machimbo ya juu ya ardhi huko Appalachia. Agosti 2017, serikali ikiwa imebadilika, wizara inayohusika ikaamuru kazi isimamishwe, wakati wanasayansi wako njiani kwenda kuwasikiliza wananchi wa Kentucky. Sababu iliyotolewa? Eti inapitia upya matumizi ya fedha. Hiyo ni nchi tajiri, yenye mabunge mawili na magazeti elfu. Wakubwa wa makaa wasipotaka namba ijulikane, haijulikani.

Kwetu namba zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi kama mgodi ufanyiwe tathmini ya athari kabla haujaanza. Zahanati ina mizani, na mkunga anaandika uzito wa kila mtoto kwenye rejesta. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzichukua rejesta za vijiji vya jirani na mgodi, za kabla ya 2011 na za baadaye, akaziweka kando ya rejesta za vijiji vya mbali, halafu akabandika jibu kwenye ubao wa kijiji. Haihitaji dola milioni. Kama jibu ni kwamba hakuna tofauti, wenye mgodi watalala usingizi na mimi nitaandika hivyo hivyo. Kama tofauti ipo, basi barabara imwagiwe maji, malori yafunikwe maturubai, na nyumba zilizo kwenye vumbi zihamishwe kwa fidia ya kueleweka, si ya kutupiwa.

Wewe ambaye mkeo ana mimba sasa hivi usingojee rejesta. Mpeleke kliniki miezi mitatu ya mwanzo, apate vidonge vya damu na dawa ya SP ya kuzuia malaria, alale ndani ya chandarua. Ovaroli iloweke mwenyewe, nje. Na mtoto akija na kilo mbili, vua shati umbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kichwa chake chini ya kidevu chako, mfunikwe khanga. Joto la mwili huwaokoa hao wadogo, na baba analo sawa na mama. Manesi watakuonyesha namna ya kumfunga, ukiuliza.