Kufutwa Kazi Si Kufungwa Mlango wa Riziki

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika kungojea futari)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T), Mola Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Maustadh wetu, wazazi wetu, ndugu zangu vijana wa kiume na wa kike. Nimepewa mada ya vijana na kazi. Nilipoambiwa, nilidhani nitasema yale tunayoyasikia kila mara: someni kwa bidii, tafuteni kazi, msikae maskani. Kisha nikajiuliza, je, yule aliyesoma, akapata kazi, halafu kazi ikamponyoka, tunamwambia nini? Mara nyingi hatumwambii kitu. Sisi tunamuonea haya, naye anatuonea haya. Basi leo nitazungumza juu ya huyo, na kwa idhini yake nitawasimulia habari za kakangu mkubwa.

Kakangu alikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Alifanya kazi hiyo miaka sita. Mnakumbuka mwaka 2019 ilipoamriwa kwamba makontena yapandishwe reli ya SGR yakatolewe Nairobi. Kuna waliokuwa wakiandamana mjini siku za Jumatatu kwa ajili ya jambo hilo. Sikuja hapa kuzungumza siasa. Na amri hiyo yenyewe baadaye ilibadilishwa, kwani mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Lakini kampuni aliyokuwa akifanya kazi kakangu haikungoja mpaka 2022. Aliitwa ofisini pamoja na wenzake, akapewa karatasi, akaambiwa atie sahihi. Akatia bila ya kuisoma.

Sasa sikizeni alichofanya. Hakumwambia mtu. Kwa wiki tatu, kila asubuhi alivaa shati lake na tai, akamuaga mama, akatoka. Akenda Mama Ngina, akakaa kule mbele ya bahari akitazama meli zikiingia mpaka jioni, kisha akarudi nyumbani na kusema leo kazi ilikuwa nyingi. Mama alijua kwa njia ya mke wa mwenzake, walipokutana arusini. Usiku ule kakangu alidhani atafokewa. Mama akamwambia, "Mimi nilimzaa mwana, sikumzaa karani. Kaa ule."

Ndugu zangu, hapo ndipo penye somo la kwanza. Tunajifunza madrasa tangu tuko wadogo kwamba Ar-Razzaq ni jina la Mwenyezi Mungu. Tunalihifadhi kati ya majina tisini na tisa, na tukiulizwa maana yake tunajibu haraka, Mwenye kuruzuku. Lakini mshahara ukikatika, ndipo tunapojua kwamba moyoni tulikuwa tumemuweka meneja mahali pasipokuwa pake. Kazi ni njia tu. Njia moja ikizibwa, aliyekuwa akileta kupitia njia hiyo bado yupo.

Tumtazame Nabii Musa (A.S) katika Suratul Qasas. Alilelewa katika jumba la Firauni, kisha akatoka Misri mbio akiiogopea roho yake. Alifika Madyan hana nyumba, hana kazi, hana anayemjua. Alifanya nini? Aliwakuta wanawake wawili wamekaa kando na wanyama wao, akawanywesheshea. Kisha akaenda kivulini akamuomba Mola wake, akakiri kwamba yeye ni muhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Angalieni mpango wake: alisaidia kwanza, akaomba, wala hakuchagua ni kheri gani. Na alipokuja kuajiriwa, yule binti alimsifu kwa babake kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Hakutajwa kuwa mtu wa jumbani. Akaafikiana na mzee miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Mtu aliyelelewa katika jumba la mfalme akachunga mifugo, na utume ukamkuta baada ya hapo.

Turudi kwa kakangu. Alitafuta kazi ya ukarani miezi minne, hakupata. Hatimaye rafiki wa msikitini akampeleka kwa msambazaji mmoja wa bidhaa aliyetaka vijana wa kuzunguka madukani kuuza juisi, biskuti na sabuni. Kakangu alikataa. Alisema, "Mimi nibebe mkoba niwe kama mchuuzi?" Ukweli ni kwamba alimuogopa mtu mmoja tu, mwenzake wa zamani ambaye angekutana naye kwenye feri ya Likoni.

Hebu tuulize, haya hii tumeitoa wapi? Mtume wetu (S.A.W) alisafiri na biashara ya Bi Khadija (R.A). Abdurrahman bin Auf (R.A) alikuwa mfanyabiashara Makka, akahama akaacha mali. Alipofika Madina akaunganishwa udugu na Saad bin Rabii (R.A), tajiri wa Ansari, ambaye alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Bani Qaynuqaa. Akaanza na nini? Jibini kavu na samli! Muda si mrefu akaweza kuoa kwa mahari ya dhahabu, na Mtume (S.A.W) akamuambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Naye ni katika wale kumi waliobashiriwa pepo. Basi mwenye kuona haya kuuza biskuti na akumbuke samli hiyo.

Kakangu akakubali. Njia yake ilikuwa Kongowea, Bombolulu mpaka Kisauni. Wiki ya kwanza maneno aliyoyasikia zaidi ni "njoo kesho". Akawa anarudi hiyo kesho kweli, na hapo ndipo alipojifunza kazi. Muuzaji anayerudi siku aliyosema, mwenye duka huanza kumsikiliza. Alikuwa na daftari, akaandika kila duka: ananunua nini, siku gani ana pesa, nani anamdai. Na kila mtaa aliujua msikiti wake, maanake swala ya Adhuhuri ilimkuta njiani kila siku.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe aliniambia nisiliache. Ilikuwa Ramadhani. Kazi yake ina tageti, yaani kiwango cha mauzo cha mwezi, na usipokifikia kamisheni hupati. Mwezi ulikuwa unakwisha naye amepungukiwa. Kulikuwa na katoni kumi na mbili za juisi zilizobakisha wiki mbili tu tarehe yake kwisha. Kuna mzee mmoja mwenye duka, macho yake si mazuri. Kakangu akamwambia, "Mzee, wakati huu wa futari juisi hazikai." Ni kweli, hazikai. Lakini ya tarehe hakusema. Mzee akalipa katoni zote.

Usiku ule akasimama tarawehe. Anasema hakusikia hata sura moja iliyosomwa. Kila akirukuu anaona zile katoni. Akakumbuka habari tuliyofundishwa chuoni, jinsi Mtume (S.A.W) alivyopita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikapata unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka juu watu waione, na akaeleza kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Yule mtu hakutamka uongo. Alinyamaza tu. Na kakangu pia alinyamaza tu.

Asubuhi akarudi dukani, akamwambia mzee ukweli. Wakahesabu: katoni nne mzee aliona ataziuza kabla ya tarehe, nane zikarudishwa na pesa zake. Kakangu hakufikia tageti. Mkubwa wake alimkaripia mbele ya wenzake. Kamisheni ikapotea na Idi akaswali na kanzu ya mwaka uliopita. Sitawaambia kwamba alitajirika baadaye, kwa sababu hakutajirika. Lakini yule mzee akampeleka kwa shemeji yake mwenye duka Mtwapa, na huyo mpaka leo ni mteja wake. Na anasema usiku uliofuata alisikia Qur'ani. Mimi nikamwambia hiyo ndiyo kamisheni.

Ndugu zangu, kabla sijamaliza, niwape mambo machache ya kushika mkononi.

Kwanza, ukipoteza kazi waambie watu wako siku hiyo hiyo. Ukificha, huwezi kusaidiwa, na ile wiki ya kuigiza inachosha kuliko kazi yenyewe.

Pili, usitie sahihi usichokisoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inasema mfanyakazi anayepunguzwa kazini apewe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, na malipo yasiyopungua siku kumi na tano kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Kwa miaka sita ya kakangu ni siku tisini. Alikuja kuyajua haya akiwa ameshatia sahihi kwamba hadai kitu.

Tatu, kabla ya kukubali kazi ya kuuza, uliza: kuna mshahara au ni kamisheni tupu? Nauli ni ya nani? Bidhaa ikipotea au kuharibika, nani analipa? Na anayekutoza pesa ati ya usajili ndipo akupe kazi, mkimbie.

Nne, tazama unachouza. Kuna kazi za kuuza mikopo ya riba, nazo hulipa vizuri. Umaskini unasukuma, najua. Waulize maustadh kabla ya kuingia, si baada ya kuzoea mshahara wake.

Tano, wacha kuapa. Tumefundishwa kwamba viapo huuza bidhaa lakini huondoa baraka. Muuzaji akisema wallahi kila duka, mwisho hata yeye hajui ni ipi ya kweli.

Na neno langu la mwisho ni kwetu sisi wenye kazi, na sisi tunaosomeshwa na wazazi. Katika safu zetu za tarawehe yumo aliyefutwa kazi ambaye hajasema. Tusingoje aseme. Kama ni muhitaji, fukara na maskini ni wa kwanza kutajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, miongoni mwa wanaostahiki zaka, na mwenye deni naye yumo. Na kama anataka kazi, mpeleke kwa unayemjua, kama yule rafiki wa msikitini alivyompeleka kakangu. Yule alipoteza nusu siku tu. Sisi nyumbani tulikula kwa nusu siku yake.

Tumuombe Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye baraka, awafungulie ndugu zetu waliokwama, na azikubali saumu zetu. Nililosema la haki ni tawfiki yake, na nilipokosea ni upungufu wangu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.