VIDUDU VYA MWANI: WANATOKA WAPI, WANAHAMAJE

Mazungumzo mbele ya wanachama wa ushirika, kikundi cha wakulima wa mwani



Nimepewa nafasi nieleze habari za wale vidudu wanaorukaruka tukikung'uta mwani. Shauri lililo mbele yetu mnalijua. Bamvua lijalo tunapokea mbegu kutoka kijiji kingine, na imetolewa hoja kwamba kabla ya hapo shamba lote lipigwe dawa ya kuulia wadudu, ile ya bustani. Mimi hoja hiyo naipinga. Lakini kwanza tumjue huyu tunayetaka kumwua.

Kwanza, huyu si mdudu. Ni jamaa ya uduvi, kaa na kamba. Nasema kamba wa kula, siyo kamba za shamba. Wataalamu wanawaita amfipodi wale waliobanwa ubavuni na waliojikunja mgongo, ambao baadhi yenu mnawaita viroboto. Wale walio bapa kama kunguni ni isopodi. Yuko na mwembamba kama kijiti, anashika tawi kwa miguu ya nyuma na kuinamisha mwili kama mtu anayesujudu. Naye ni amfipodi. Wengi hawafiki urefu wa ukucha wa kidole kidogo.

Sasa sikilizeni hili la uzazi, maana ndilo lenye uzito. Kaa akishaangua mayai, watoto wake huachiwa maji. Wanaelea majuma kadhaa, hawafanani na mama yao hata kidogo, na mkondo unawapeleka utakako. Watoto wa kaa wa hapa wanaweza kukulia mbali kabisa. Amfipodi na isopodi hawafanyi hivyo. Jike ana mfuko chini ya kifua, mayai yanakaa humo, na watoto wanatoka wakiwa na umbo la wakubwa, miguu tayari ya kushika tawi. Hawana ile safari ya utotoni.

Basi mtauliza, kama hawasafiri wakiwa wachanga, mbona kamba mpya ukiitandaza leo, wiki ijayo wamo?

Wanahama usiku. Mchana wanajificha kwa sababu samaki wengi wanawinda kwa macho. Giza likiingia, wengi wao huachia tawi, wakaogelea kidogo au wakachukuliwa na maji, kisha wakashika chochote kinachowagusa. Watafiti wa nchi mbali mbali wamelijaribu jambo hili kwa njia rahisi tu: wanatia baharini majani ya plastiki, safi, hayana kitu, halafu wanayatoa na kuhesabu. Siku chache zinatosha kukuta yamejaa wenyeji. Hawa wametoka kwenye nyasi za bahari na mwani wa porini ulio jirani. Yule kijiti haogelei vizuri, yeye hutegemea zaidi kubebwa.

Na kubebwa kwenyewe ni njia kubwa. Mwani ukikatika ukaelea, waliomo wanakwenda nao. Ni jahazi lao, tena lenye chakula ndani. Hata gogo au boya linafaa. Baada ya tsunami iliyopiga Japani mwezi Machi 2011, vitu vingi vilivyosombwa vilivuka Bahari ya Pasifiki. Wataalamu walipovichunguza vilipofika Hawaii na pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia 2012 hadi 2017, walikuta aina 289 za viumbe wa pwani ya Japani wakiwa hai, na jamaa hawa wa uduvi walikuwemo. Hebu fikirieni, safari ya miaka! Wanazaliana humo humo njiani.

Jike mmoja mwenye mayai akifika mahali ameshafika na ukoo wake. Kwa huyu, gunia moja la mbegu bichi ni meli ya abiria.

Akishafika haishi popote tu. Anachagua. Anapenda matawi mengi yaliyosongamana, apate pa kujibana samaki wasimwone. Wengi chakula chao ni ule utelezi na vijani vidogo vinavyoota juu ya mwani, siyo mwani wenyewe. Wapo wanaotoa uzi miguuni, wakagandisha majani na kufanya nyumba kama mkunjo wa sigara. Na wapo wanaokula mti wanaoukalia, tusifichane. Kule Marekani, jimbo la North Carolina, kuna amfipodi mmoja anayekula mwani wa kahawia ambao samaki hawaupendi kwa ladha yake. Anakula, na hapo hapo amejikinga. Mjanja huyo.

Kwa hiyo wanatuharibia au hawatuharibii? Tazameni jeraha lenyewe. Ncha zikiwa zimekatwa kamba nzima, huyo ni tasi, msimsingizie mwingine. Tawi likiwa jeupe na laini, likakatika, hayo ni maradhi yanayofuata joto kali au maji ya mvua. Mkwaruzo wa juu juu, vishimo vidogo, hapo ndipo mumshuku amfipodi. Wale wanaolamba utelezi wanatufanyia palizi bila malipo, na changu na mkundaji wadogo wanawategemea kwa chakula.

Dawa itaua, sikatai. Itaua pia uduvi, kamba na watoto wa kaa, maana ni damu moja. Na baada ya siku chache, usiku, wengine watahama kutoka kwenye nyasi na kujaza nafasi, kama kwenye yale majani ya plastiki. Tutakuwa tumenunua dawa ya wiki moja. Halafu mwani wetu unakwenda kutengeneza kitu kinachotiwa kwenye vyakula vya watu. Mnunuzi akisikia tumeupiga sumu, nani ataupokea?

Bahari hatuwezi kuifunga mlango. Gunia la mbegu tunaweza. Napendekeza watu watatu waende kule kunakotoka mbegu, na kazi ifanyike huko huko, siyo kwenye maji yetu. Kila tawi likung'utwe kwa nguvu ndani ya ndoo ya maji ya bahari, maji yabadilishwe mara kwa mara. Tawi lenye manyoya ya vijani au lililonyong'onyea liachwe. Kamba na taitai za zamani zisije kabisa. Mbegu ikifika ifungwe pembeni, kamba chache, ikaguliwe bamvua moja ndipo igawiwe. Najua hili la kungoja litawaudhi wenye haraka ya kuvuna. Na hapa kwetu, vipande vilivyokatika vinavyoelea kati ya vigingi viokotwe kila maji yakipwa. Tunaviona takataka, kumbe ndivyo majahazi yenyewe.

Asiyeamini, ofisini nimeacha beseni jeupe. Njoo na tawi moja la kwako, tulitie ndani ya maji ya kunywa. Maji baridi yanawafanya waachie. Tuwahesabu pamoja kabla ya kupiga kura Ijumaa. Tawi hilo usilirudishe shambani, maji yasiyo na chumvi yatalidhuru.