Heliamu ya Balangida na Fumbo la Sumaku

Msikilizaji, hapa Babati ukitaja utajiri wa ardhini, wengi wataanza na tanzanite ya Mererani. Leo twende upande wa pili wa mkoa wetu wa Manyara, wilayani Hanang. Bonde la Balangida, sawa na Eyasi na Rukwa, limewahi kutolewa leseni za kutafuta gesi ya heliamu. Heliamu ikiwa kimiminika huwa na baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini, ili nyaya zake zipitishe umeme bila ukinzani hata kidogo.

Je, soko la heliamu litadumu?

Mwaka 1986, wanafizikia Bednorz na Müller, huko Uswisi, waligundua oksidi ya shaba inayopitisha umeme bila ukinzani katika baridi iliyopungua makali. Mwaka uliofuata ikapatikana nyingine, inayotosheka kupozwa kwa naitrojeni, gesi iliyojaa hewani. Lakini oksidi hizi ni kauri, tabu kuzifanya nyaya, na mpaka leo wanafizikia hawajaafikiana zinafanyaje kazi.

Sumaku imo katikati ya ubishi huo. Katika oksidi ya shaba na neodimiamu, kila atomu ya shaba ni sumaku ndogo iliyoelekea kinyume na jirani yake, na umeme haupiti. Wajapani walionyesha mwaka 1989 kwamba ukiingiza seriamu, elektroni huongezeka. Zilizoongezeka zikifika kama 15 kwa kila atomu 100 za shaba, ukinzani hutoweka, kwenye baridi ya takriban nyuzi 249 chini ya sifuri. Mpangilio ule wa sumaku hudumu karibu mpaka kiwango hicho cha elektroni. Ndiyo maana wengi wanashuku kuwa mtikisiko wa sumaku hizo ndio unaofunga elektroni jozi jozi, hata zikapita bila ukinzani.

Fumbo hili likifumbuliwa, huenda zikaundwa sumaku zisizohitaji heliamu. Na tayari zipo MRI mpya zinazotumia lita chache, badala ya zaidi ya 1,000.

Basi waheshimiwa madiwani na wabunge wa Manyara, heliamu ikichimbwa Balangida, daini sehemu ya mapato ijenge maabara za fizikia katika sekondari zetu, vijana wafike Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha wakiwa wameiva. Bei ya gesi inaweza kushuka wakati wowote. Mtaalamu aliyesomeshwa atabaki na ujuzi wake.